Mshale Kwanza, Fomula Baadaye

Mwanafunzi wa sekondari akikuletea swali la mwendo lililomshinda, kitu cha kwanza atakachokuonyesha ni fomula. Ameiandika juu ya ukurasa, akaipigia mstari, akaingiza namba zote alizozikuta kwenye swali, na jibu likakataa kulingana na lile la nyuma ya kitabu. Anayemsaidia, awe dada, mzazi au mwalimu wa tuisheni, naye hukimbilia kukagua hesabu. Mara nyingi hesabu haina kasoro. Kosa limetangulia, tena halikuandikwa popote: mwanafunzi hakuamua upande upi auite chanya, wala hakuamua ni vitu gani anavihesabu. Katika mada ya mwendo na momenta, maamuzi hayo mawili ndiyo kazi yenyewe. Kinachobaki ni kuzidisha na kugawa.

Chukua swali ambalo halikosekani kwenye mazoezi. Kigari cha kg 2 kinakwenda mashariki kwa 3 m/s. Kingine cha kg 1 kinakuja kukikabili kwa 4 m/s. Vinagongana na kunasana. Vitakwenda kwa velositi gani? Momenta ni masi mara velositi, basi mwanafunzi anazidisha: 2 kwa 3 ni 6, 1 kwa 4 ni 4. Anajumlisha, anapata 10, anagawa kwa kg 3 na kuandika 3.33 m/s. Sasa soma jibu hilo linasema nini. Kigari cha kg 2 kimegongwa uso kwa uso, kisha kikatoka kwenye mgongano kikiwa na kasi kubwa kuliko kiliyoingia nayo. Mwambie mwanafunzi aliseme hilo kwa sauti, kwa maneno yake, bila namba. Wengi hushtuka wenyewe kabla hujawasahihisha.

Kinachomponya ni mchoro. Achore vigari viwili, kila kimoja na mshale wake, na pembeni aandike: mashariki ni chanya. Hapo ile 4 inageuka −4, jumla inakuwa 6 − 4 = 2, na velositi ya pamoja inatoka 0.67 m/s kuelekea mashariki. Usiishie hapo, maana swali hili lina utamu zaidi. Nishati mwendo kabla ya mgongano ilikuwa jouli 9 kwa kigari cha kwanza na 8 kwa cha pili, jumla 17. Baada ya kunasana imebaki chini ya jouli 1. Momenta haikupungua hata kidogo, ila nishati mwendo karibu yote imegeuka joto, sauti na bati lililokunjamana. Mwanafunzi akiliona hilo kwa namba alizozitafuta mwenyewe, hatachanganya tena mambo haya mawili.

Kosa la kusahau upande lina ukoo mkubwa. Mwaka 1644 René Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliandika kwamba jumla ya mwendo ulimwenguni haiongezeki wala haipungui. Wazo hilo lilikuwa na mbegu ya ukweli, lakini yeye aliupima mwendo kwa ukubwa wa kitu na kasi yake tu, upande akauacha nje, na kanuni zake nyingi za migongano hazilingani na yanayotokea kwa vitu halisi. Mwaka 1668 Royal Society ya London ikaomba maelezo bora. Waliojibu ni John Wallis, aliyeshughulikia vitu visivyodunda, pamoja na Christopher Wren na Christiaan Huygens, walioshughulikia vinavyodunda. Katika kazi zao upande ukaingia kwenye hesabu, na Isaac Newton aliwataja wote watatu katika kitabu chake Principia mwaka 1687. Napenda wanafunzi waijue habari hii. Mtoto anayedhani yeye si wa fizikia kwa sababu amesahau alama ya kutoa anastahili kuambiwa kwamba Descartes naye alikwama hapo hapo.

Mpira unaodunda ukutani ndio unaowanasa hata wanafunzi hodari. Tuseme mpira wa kg 0.4 unaugonga ukuta kwa 10 m/s na kurudi kwa 8 m/s. Velositi imebadilika kwa kiasi gani? Wengi husema 2 m/s, kwa kuwa 10 imekuwa 8. Lakini mpira ulisimamishwa kwanza, kisha ukasukumwa kurudi ulikotoka. Ukiuita upande wa kurudi chanya, badiliko ni 8 toa −10, yaani 18 m/s, na badiliko la momenta ni 7.2 kg m/s. Iwapo mpira uligusana na ukuta kwa sekunde 0.02, kani ya wastani ni nyutoni 360. Aliyesahau upande atapata nyutoni 40, mara tisa pungufu. Golikipa aliyewahi kuokoa shuti kali anajua ipi kati ya namba hizo mbili inakaribia ukweli.

Kwenye mwendo wa mstari mnyoofu mambo ni hayo hayo, na sitakaa sana. Km/h zigeuzwe m/s kwanza, kwa kugawa kwa 3.6. Kitu kinachopunguza kasi kina mchapuko wa upande uliopingana na mwendo wake. Jiwe lililorushwa juu, likifika kileleni, velositi yake ni sifuri lakini mchapuko wake bado ni karibu 10 m/s² kuelekea chini, kwani mvutano wa dunia haupumziki. Jambo moja tu nataka lichorwe na kuhesabiwa, kwa sababu ni la barabarani: basi linalokwenda 80 km/h, likipunguza kasi kwa 5 m/s kila sekunde, linahitaji karibu mita 49 kusimama tangu breki ziliposhika. Likiwa kwenye 40 km/h linahitaji mita 12 na kidogo. Kasi imeongezeka mara mbili, umbali mara nne. Mwache mwanafunzi alitoe hilo mwenyewe kwenye v² = u² + 2as, halafu atoke nje apime mita 49 kwa hatua zake.

Uamuzi wa pili, wa vitu vinavyohesabiwa, huonekana vizuri kwenye swali la mvuvi. Ana kg 60, amesimama kwenye mtumbwi uliotulia wa kg 120, kisha anaruka kuelekea ufukweni kwa 2 m/s. Ukimhesabu mvuvi peke yake, momenta imetoka sifuri ikafika 120 kg m/s, na mwanafunzi atakuuliza kwa haki kabisa uhifadhi wa momenta umekwenda wapi. Haukuvunjika. Mtumbwi umemsukuma mvuvi, na kwa aliyemtenga mvuvi, huo ni msukumo wa nje. Zungushia duara mvuvi na mtumbwi kwa pamoja: sasa misukumo yao yote miwili iko ndani, msuguano wa maji kwa muda mfupi kama huo ni mdogo, na jumla lazima ibaki sifuri. Mtumbwi utapata −1 m/s.

Hapo usiishike kalamu yake. Wengi wakiiona alama ya kutoa huifuta haraka, wakidhani wamekosea. Muulize tu alama hiyo inasema nini kuhusu mtumbwi. Akikujibu kwamba umerudi nyuma kuelekea majini, mwache aendelee na swali linalofuata peke yake.