Ziara za mada katika Makumbusho ya Prado

Ziara za mada katika Makumbusho ya Prado ni matembezi yanayopangwa ndani ya makumbusho hayo ya sanaa mjini Madrid, Hispania, kwa kufuata swali moja badala ya mpangilio wa kawaida wa kumbi. Mgeni huonyeshwa picha chache zilizochaguliwa, nyingi zikiwa zimetundikwa mahali pake pa siku zote, na huelezwa jinsi zinavyohusiana na mada. Mfano mmojawapo ni ziara iitwayo "Prado ya wanawake" (kwa Kihispania: *El Prado en femenino*), iliyoanzishwa Desemba 2022.

## Makumbusho na mkusanyiko wake

Jengo la Prado lilichorwa na msanifu Juan de Villanueva mwaka 1785 kwa amri ya mfalme Carlos III, likiwa limekusudiwa kwa elimu ya viumbe na mazingira. Lilifunguliwa kama makumbusho ya sanaa tarehe 19 Novemba 1819, likiwa na picha 311 za wachoraji wa Hispania.

Sehemu kubwa ya picha maarufu za Prado ilikuwa mali ya wafalme na malkia wa Hispania. Kwa hiyo mkusanyiko huo haukupangwa na wataalamu ili ueleze historia yote ya sanaa. Unaonyesha kile ambacho familia ya kifalme ilipenda, iliagiza, ilinunua au ilirithi kwa karne nyingi. Ndiyo maana swali la "nani aliileta picha hii hapa?" lina uzito wa pekee katika Prado.

## Namna ziara ya mada inavyopangwa

Katika kumbi za kawaida picha hupangwa kwa kufuata nchi, karne na mchoraji. Mpangilio huo humsaidia mgeni kulinganisha wachoraji wa wakati mmoja, lakini una kasoro: kibao kilicho kando ya picha humtaja kwanza aliyeshika brashi, na watu wengine waliohusika hubaki nyuma.

Ziara ya mada huanza na swali. Mpangaji huchagua picha zinazoweza kulijibu, kisha huzipanga katika njia ambayo mgeni anaweza kuipita bila kuchoka. Vituo vikiwa vingi mno, mgeni hupita tu bila kutazama. Kila kituo kinapaswa kuongeza jambo jipya.

Picha moja inaweza kutumika katika ziara nyingi. *Las Meninas*, iliyochorwa na Diego Velázquez mwaka 1656, ni mfano mzuri. Katika ziara kuhusu heshima ya wasanii, mwongozaji ataanza na Velázquez mwenyewe, aliyejichora akiwa na brashi mkononi mbele ya turubai kubwa. Katika ziara kuhusu familia ya kifalme, ataanza na binti mfalme Margarita aliye katikati, halafu kioo cha nyuma kinachoonyesha sura za mfalme Felipe IV na malkia Mariana. Katika ziara kuhusu watumishi wa ikulu, ataanza na wasichana wanaomhudumia Margarita na mbilikimo wawili, Mari Bárbola na Nicolasito Pertusato. Rangi ni zilezile. Kinachobadilika ni mahali jicho linapoelekezwa kwanza.

## Prado ya wanawake

Picha zilizochorwa na wanawake ni chache sana katika Prado zikilinganishwa na zile za wanaume. Ziara hii iliyoongozwa kitaalamu na Noelia García Pérez, mwanahistoria wa sanaa, ilikabili tatizo hilo kwa kubadilisha swali. Badala ya kuuliza tu ni wanawake gani walichora, iliuliza ni wanawake gani waliagiza, walinunua na kutunza picha. Awamu ya kwanza ilihusu kipindi cha kati ya 1451 na 1633. Awamu zilizofuata zilisonga mbele hadi wanawake wa karne ya 17 na ya 18.

### Maria wa Hungaria

Maria alikuwa dada wa Kaisari Carlos V, na alitawala Nchi za Chini kwa niaba yake kuanzia 1531 hadi 1555. Picha ya *Kushushwa Msalabani* ya Rogier van der Weyden, iliyo miongoni mwa hazina kubwa za Prado, ilichorwa kabla ya 1443 kwa ajili ya kanisa dogo la chama cha wapiga mishale wa Leuven. Pinde ndogo zilizochorwa kwenye pembe za juu bado zinawakumbusha wenye picha wa kwanza. Maria aliipata picha hiyo, na Leuven ikapewa nakala badala yake. Baadaye ilifika kwa mpwa wake, mfalme Felipe II.

Maria pia alimwagiza Tiziano achore watu wa hadithi za Kigiriki walioadhibiwa kwa kuwakosea miungu, ili picha hizo zipamba jumba lake la Binche. Mbili kati yake, ya Titio na ya Sisifo, ziko Prado. Zilikuwa onyo la kisiasa: anayemwasi mtawala ataadhibiwa. Mgeni asiyejua nani aliziagiza anaweza kuziona kama masimulizi ya kale tu.

### Isabel Clara Eugenia

Binti huyu wa Felipe II alitawala Nchi za Chini na kumtumia Rubens kama mchoraji na hata kama mjumbe wa kisiasa. Alimwagiza mazulia ya ukutani kuhusu Ushindi wa Ekaristi kwa ajili ya monasteri ya masista ya Descalzas Reales mjini Madrid. Prado ina picha sita ambazo Rubens alizichora kama vielelezo vya kazi hiyo.

### Isabel de Farnesio

Isabel, mke wa pili wa mfalme Felipe V, alikuwa mnunuzi hodari aliyependa hasa kazi za Murillo. Picha zake zilitiwa alama ya ua la yungiyungi, ilhali za mumewe zilitiwa msalaba wa mshazari. Kwa alama hizo watafiti wanaweza kutenganisha mali ya malkia na ya mfalme, jambo ambalo lingekuwa gumu kama vyote vingeitwa kwa jumla "mkusanyiko wa mfalme".

### Isabel de Braganza

Isabel de Braganza, mke wa Fernando VII, anakumbukwa kwa kuunga mkono wazo la kuanzisha makumbusho, lakini alifariki Desemba 1818, kabla hayajafunguliwa. Mwaka 1829 Bernardo López Piquer alimchora akionyesha kwa mkono jengo la Prado linaloonekana dirishani, na mezani pakiwa na michoro ya mpangilio wa picha. Hivyo malkia anaonekana akisimamia kazi ambayo hakuiona ikikamilika.

## Wanawake wachoraji

Swali la wafadhili halifuti lile la wachoraji. Sofonisba Anguissola kutoka Cremona, Italia, alifika katika ikulu ya Hispania mwaka 1559 kumhudumia malkia Isabel de Valois. Picha yake ya Felipe II iliyo Prado ilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa kazi ya mwanamume. Clara Peeters, mchoraji wa vyakula na vyombo vya mezani, alijichora kwa udogo sana katika mng'ao wa vyombo vya chuma, kama mtu anayetia saini mara nyingi. Mwaka 2016 alikuwa mwanamke mchoraji wa kwanza kufanyiwa maonyesho yake mwenyewe na Prado.

## Ziara nyingine

Mwaka 2017 makumbusho yaliandaa ziara ya *La mirada del otro* ("Mtazamo wa mwingine"), kuhusu mapenzi ya jinsia moja katika historia ya sanaa. Kwa ajili yake ilitolewa ghalani picha ya kichwa cha simba, *El Cid*, iliyochorwa na Mfaransa Rosa Bonheur mwaka 1879. Ilirudishwa ghalani baadaye, lakini watu waliomba ionekane tena, na ikatundikwa ukumbini. Tukio hilo linaonyesha kwamba ziara ya mada inaweza kubadilisha kinachoonyeshwa, si namna ya kukieleza tu.

## Faida na mipaka

Ziara ya mada humpa mgeni sababu ya kusimama mbele ya picha ambayo angeipita. Humfundisha pia kwamba historia ya picha haiishii siku rangi inapokauka: kuna aliyeilipia, aliyeirithi, aliyeihamisha na aliyeandika jina lisilo sahihi kwenye kibao.

Hata hivyo kila mada huacha kitu nje. Wanawake wanaotajwa katika "Prado ya wanawake" ni hasa malkia na watawala, kwa kuwa ndio waliokuwa na fedha na ndio walioacha orodha za mali, barua na alama. Mabinti waliosaidia katika karakana za baba zao na wanawake waliotarizi mavazi yanayoonekana katika picha hizo hawakuacha kumbukumbu za namna hiyo. Ipo pia hatari ya kuilazimisha picha iseme jambo lisilokuwemo. Kwa hiyo mwongozaji mzuri hueleza ushahidi alio nao, na huwaachia wageni nafasi ya kuiangalia picha kwanza kabla ya kusikia maelezo.