Antena Mbili Katika Mlingoti Mmoja

Antena ya vijiti sambamba, ambayo Uda na Yagi waliitangaza huko Japani mnamo mwaka 1926, haizalishi nguvu yoyote. Huyakusanya mawimbi ambayo yangetawanyika kila upande na kuyaelekeza mbele. Je, tukifunga ya pili juu yake, iliyo sawa nayo, twapata nini?

Hatuwezi kupita mara mbili ya nguvu ya mbele, yaani desibeli 3. Msikilizaji aliye mbele yu mbali sawasawa na antena zote mbili, basi mawimbi humfikia pamoja. Juu angani sivyo: wimbi moja hutangulia, nayo hudhoofishana. Kwa hiyo mwale hupungua kimo, bali upana wake hubaki ule ule.

Lakini hapana budi mawimbi yaondoke pamoja. Katika megahezi 144, wimbi lina urefu wa meta 2 hivi. Ndani ya kebo nyingi za kawaida, ambamo hwenda kwa theluthi mbili za mwendo wa nuru, nusu yake ni kama sentimeta 70. Kebo moja ikizidi nyenzake kwa kiasi hicho, wimbi moja hupanda lingine likishuka, na mbele huwa kimya. Gharama maradufu, na usikivu mbaya kuliko wa antena moja!

Desibeli 3 za kwanza zadai antena moja zaidi. Za pili, mbili. Za tatu, nne. Wapenzi wa redio warushao mawimbi mwezini, wakingoja mwangwi sekunde 2.5 hivi, huikubali gharama hiyo.