Je, Wajua? Wasanifu majengo nao waliasisi tiba hii

Machi 1917, katika mji wa Clifton Springs, jimbo la New York, watu sita waliunda chama cha kitaifa cha tiba kwa vitendo nchini Marekani. Daktari kati yao alikuwa mmoja tu, William Rush Dunton, wa magonjwa ya akili. Wawili walikuwa wasanifu majengo! Mmoja wao ndiye mwenyeji wa kikao, George Edward Barton. Huyu aliugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu, kisha upande wake wa kushoto ukapooza. Alijirudishia nguvu kwa useremala na kazi za bustani.

Leo aliyepata kiharusi huhudumiwa na timu nzima. Daktari hudhibiti shinikizo la damu, muuguzi humgeuza asipate vidonda vya kulala, mfiziotherapia humfundisha kusimama na kutembea. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo ana maswali yake: huyu akirudi nyumbani atavaaje, atakulaje, ataogaje? Humwelekeza kwamba shati huanzia mkono uliolegea, na wakati wa kuvua huanza ule mzima. Mpini wa kijiko huviringishiwa kitambaa unenepe, ushikike. Na kama choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa, timu yote inapaswa kulijua hilo mapema, si siku mgonjwa anaporuhusiwa kutoka wodini.

Kwa Tanzania, wataalamu wa tiba kwa vitendo hufundishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi.