Testa Ilisema Ndiyo, Kompyuta Zikakataa

Kama ulikuwa katika maabara ya kompyuta muhula uliopita, siku ile kidato cha tatu walipokaa kipindi kizima wakitazama kiduara kikizunguka kwenye kioo, basi naomba radhi. Aliyekosa ni mimi. Mwalimu wetu wa Kompyuta aliniamini, akanikabidhi waya wa mita hamsini hivi wa kutoka ofisini hadi maabara, pamoja na plagi kumi zilizonunuliwa kwa pesa za wazazi. Nikaziharibu sita. Wenzangu wakanibandika jina "Fundi Zunguka", na mpaka leo wako wanaoniita hivyo nikiwa kwenye foleni ya githeri.

Sikuwa nimebahatisha, jamani. Nilifuata kanuni niliyofunzwa na kuiona kwa macho yangu ikifanya kazi. Kumbe kanuni yenyewe ilikuwa ya waya mwingine.

Mjomba wangu hutengeneza kompyuta na simu mjini Nyamira. Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati moja ambayo ndugu zetu wa bweni hawana: kengele ya jioni ikilia, tunaweza kupitia mjini kabla giza halijaingia. Jioni moja mwaka jana nilimkuta mjomba na mnunuzi wa mahindi aliyeleta mzani wa kielektroniki. Alitaka kilo ziingie zenyewe ndani ya kompyuta, maana karani wake alikuwa akiandika 60 mahali pa 90, na wakulima walikuwa wamechoka kulalamika.

Mzani huo ulikuwa na tundu la pini tisa kwa nyuma. Tundu la namna hiyo huitwa la siriali, kwa sababu habari hupita humo biti moja nyuma ya nyingine, kama siafu wanaovuka njia. Utaratibu wake, unaoitwa RS-232, ulitolewa Marekani mwaka wa 1960. Ni mzee kuliko wazazi wetu wengi, lakini bado uko kwenye mizani na mashine chungu nzima. Katika tundu la pini tisa la kompyuta, pini ya 3 husema, ya 2 husikia, na ya 5 ni ardhi ya pamoja, yaani pale ambapo pande zote mbili huanzia kupimia umeme. Sifuri hutumwa kwa volti kati ya +3 na +15, nayo moja kwa volti kati ya -3 na -15. Ni hayo tu.

Waya aliokuja nao mteja ulikuwa umeunganisha 2 na 2, 3 na 3. Tukaweka gunia juu ya mzani. Kimya.

"Mjomba, mbona hausemi kitu?"

"Umeweka mdomo kwa mdomo na sikio kwa sikio, mpwa wangu. Nani atamsikia nani?"

Tukachukua waya wa kipanya kilichoharibika, tukatumia nyuzi zake tatu, tukalehemu 2 kwa 3, 3 kwa 2, na 5 kwa 5. Hapo kompyuta ikaanza kuandika, lakini iliandika mauzauza matupu, alama ambazo hata Mwarabu na Mchina wakikaa pamoja hawawezi kuzisoma. Mzani ulikuwa ukituma biti 2400 kwa sekunde, nayo kompyuta ikisikiliza kwa mwendo wa 9600. Mjomba akabadilisha namba hiyo kwenye kompyuta, na kilo zikaja zimenyooka. Mimi nikaenda nyumbani na somo moja kichwani: rangi ya uzi si kitu, bora ncha zake zifike kwenye pini zinazotakiwa.

Na kwa siriali hilo ni kweli kabisa. Biti zake huenda polepole na volti zake ni kubwa, kwa hiyo kwa waya mfupi kama ule haijali sana uzi gani uko karibu na upi.

Mjomba aliniambia pia kwamba zamani ofisi moja ilikuwa na kompyuta kubwa moja, na wafanyakazi wote wakaketi mbele ya vioo visivyo na akili yake yenyewe, yaani teminali. Kila kioo kilikuwa na waya wake wa siriali. Katika miaka ya 1980 kampuni ya DEC ya Marekani iliuza visanduku vilivyoitwa DECserver, seva za teminali, vilivyopokea nyaya hizo nyingi na kupitisha habari zake zote katika waya mmoja wa mtandao. Siku hizi visanduku vya ukoo huo vinatumika kinyumenyume. Katika vyumba vya mitambo, seva ya teminali hufungwa nyaya za siriali zinazoingia katika kila ruta na swichi. Mtandao ukianguka, fundi aliye mbali huingia kwa njia ya pembeni, tuseme laini ya simu, akaongea na ruta iliyozimia kupitia ule ule utaratibu wa 1960.

Sasa sikiliza hapa, ndipo nilipoponzwa. Nyingi za nyaya hizo za siriali huwa na plagi ya RJ45, ya pini nane, sawasawa na ile ya waya wa mtandao. Uko mmoja bapa wa samawati, maarufu kwa mitambo ya Cisco, ambao pini ya 1 ya upande huu huenda kwa 8 ya upande ule, 2 kwa 7, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukiutia kwenye mtandao wa kawaida, hupati kitu. Vichwa ni mapacha, sheria mbalimbali.

Waya wetu wa shule ulikuwa na nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili: machungwa na mweupe-machungwa, kijani na mweupe-kijani, buluu na mweupe-buluu, kahawia na mweupe-kahawia. Mimi, kwa kupenda unadhifu, nikazipanga kila mke na mumewe, jozi baada ya jozi, nikafanya vivyo hivyo upande wa pili. Nikazikaza kwa koleo. Nikaleta testa. Taa zikawaka moja hadi nane, pande zote mbili, bila kuruka hata moja. Nikamwita Mwalimu kwa sauti ya mshindi.

Taa za swichi nazo ziliwaka. Lakini kurasa hazikufunguka. Nikakata plagi nikakaza nyingine, mpangilio ule ule. Nikakata tena. Plagi sita, bwana! Nikaanza kulaumu ruta.

Mjomba alipoutazama waya huo Jumamosi hakugusa hata testa. Alicheka tu. "Umetenganisha ndoa," akasema.

Ajabu yake ni hii. Katika mtandao, ujumbe mmoja hupita kwa nyuzi mbili kwa wakati mmoja, na mpokeaji hutazama tofauti kati yao. Tuseme uzi mmoja una +1 na mwenziwe ana -1: tofauti ni 2. Umeme wa taa au wa waya wa jirani ukiingilia na kuongeza 5, kwa kuwa nyuzi zimesokotana zote mbili hupata 5 hiyo: zitakuwa 6 na 4. Tofauti bado ni 2! Kelele imeingia na imejifuta yenyewe. Ndiyo maana zimesokotwa, wala si urembo.

Mtandao wa kawaida wa miaka ya 1990, kuanzia ule wa megabiti 10 uliowekewa kanuni mwaka wa 1990, hutumia pini 1 na 2 kama jozi moja, halafu 3 na 6 kama jozi nyingine. Tatu na sita, si tatu na nne. Kwa mpangilio wangu pini ya 3 ilipata mweupe-kijani na ya 6 ikapata buluu, nyuzi ambazo hazikusokotana kabisa. Kelele ikaingia kwa mmoja 5 na kwa mwingine labda 2, na tofauti ikaharibika. Kwa waya wa mita moja pengine isingejulikana. Kwa mita hamsini, ikajulikana na shule nzima. Nayo testa ya bei nafuu huuliza swali moja tu, kama uzi umefika. Haiulizi umefika na nani.

Mpangilio unaofaa, ule uitwao B, ni huu. Shika plagi ulimi wake ukiwa nyuma na waya ukiingilia chini, uanze kuhesabu kushoto: mweupe-machungwa, machungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Tazama jinsi kijani anavyomrukia buluu ili akae kwenye 6 na mwenziwe abaki kwenye 3. Usifungue msokoto zaidi ya milimita 13 hivi, na waya wote kutoka kifaa hadi kifaa usizidi mita 100. Na ukienda dukani uliza kama ni shaba tupu, kwa maana ziko za bei rahisi ambazo ni alumini iliyopakwa shaba, hukatika ukizikunja mara mbili.

Jumatatu nilizitumia plagi mbili kati ya nne zilizosalia. Kurasa zikafunguka kabla Mwalimu hajamaliza kuita orodha ya majina.

Liko jambo moja ambalo bado linaninyima raha. Waya wetu unatoka jengo moja kwenda jingine, na sisi wa Nyamira na Kisii hatuhitaji kufundishwa radi ni nini. Mvua za alasiri zinazopanda kutoka upande wa ziwa haziji kimya. Radi ikipiga karibu, umeme unaweza kupita katika shaba hiyo na kuunguza vifaa vya pande zote mbili. Siriali ndiyo dhaifu zaidi, kwa sababu ile pini yake ya ardhi huunganisha majengo mawili moja kwa moja. Dawa yake kati ya majengo ni fiberi, uzi wa kioo upitishao mwanga, kama zile za TEAMS na SEACOM zilizotua Mombasa mwaka wa 2009. Kioo hakipitishi umeme. Nimemwandikia Mwalimu bei nilizopewa na mjomba, naye amezipeleka ofisini. Kwa sasa, wingu likianza kuwa jeusi, ni zamu yangu kukimbia kuchomoa plagi upande wa maabara, naye karani huchomoa upande wa ofisi.