Kijani kwenye mabomba ya kopa: tazama kabla ya kulipa

Mnunuzi wa nyumba ya kupangisha au gesti karibu na bahari hukagua bati, dari na hati. Mabomba ya kopa ya maji moto hayaangalii, na wapo wauzaji wanaoyapaka rangi mpya kabla mteja hajafika. Rangi hiyo ikwanguliwe.

Kijani chenyewe si hasara. Kopa ikikutana na hewa, unyevu na gesi ya ukaa huota utando wa kijani, na chumvi ya bahari huharakisha kazi hiyo. Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886, imefunikwa na utando huo ingawa kopa yake ina unene wa milimita 2.4 tu. Kwa hiyo kijani kikavu, kilichoenea sawasawa, hakipunguzi bei ya nyumba hata shilingi.

Kinachopunguza ni kijani kilichorundikana kwenye kiungo au koki, hasa kikiwa kibichi. Huenda maji yanavuja polepole. Huenda pia fundi hakufuta dawa ya kulehemu, nayo imeendelea kuila kopa. Paka siki yenye chumvi, sugua kwa kitambaa, suuza, kausha kabisa, kisha zungushia karatasi kavu usiku kucha. Ikiamka imelowa, fundi bomba aitwe na gharama yake ikatwe kwenye bei. Msasa mkali usitumike: bomba la milimita 15 la kipimo cha Uingereza lina ukuta wa milimita 0.7 tu.

Kibaya zaidi ni alama za kijani-buluu ndani ya sinki. Mara nyingi maana yake maji yana asidi na yanalila bomba kutoka ndani. Maji hayo yapimwe. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 2 za kopa kwa lita. Hapo kusafisha nje ni kupoteza siki.

Mabomba yakilazimika kung'olewa, yasitupwe. Katika madaraja ya vyuma chakavu ya Marekani, bomba safi huingia daraja la kwanza, lenye lehemu hushuka la pili. Mwenye msumeno akate viungo vyote na kuvitia gunia lake peke yake kabla ya kwenda kwenye mizani.