Pete ya Mukuku na Pete za Hewa: Jinsi Wimbi la Mshtuko Linavyozaa Kisulisuli

Mnamo tarehe 30 Desemba 2024, pete ya metali yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzani wa takriban kilo 500 iliporomoka kutoka angani na kuangukia kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Uchunguzi wa awali wa Shirika la Anga za Juu la Kenya ulionyesha kuwa ni kipande cha roketi. Je, hewa hufanya nini inapopasuliwa na kitu kama hicho?

Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 340 kwa sekunde. Kitu kiendacho polepole kuliko sauti hutanguliwa na mawimbi madogo ya kanieneo, nayo hewa ikapisha. Kiizidicho sauti hufika kabla ya habari zake. Hewa husongamana ghafla, kanieneo na jotoridi vikapanda katika tabaka jembamba mno. Tabaka hilo ndilo wimbi la mshtuko.

Wimbi hilo huweza kuzaa pete ya kisulisuli kwa njia mbili. Kwanza, likitoka mdomoni mwa bomba, hewa ilifuatayo hushindwa kuukumbatia ukingo. Hubanduka na kujikunja. Kwa kuwa ukingo ni mviringo, mkunjo huo hufunga duara na kusonga mbele. Pili, likipita katika kiputo cha hewa moto kilichozungukwa na hewa baridi, hewa nyepesi husukumika upesi kuliko nzito. Palipo na tofauti hiyo, mzunguko huanza, na kiputo hugeuka pete.

Kisulisuli cha vumbi kionekanacho Kitui na Makueni wakati wa kiangazi ni jambo jingine. Hicho ni nguzo ya hewa inayotokana na ardhi iliyochomwa na jua, wala hakihitaji mshtuko.

Kadhalika, kipande kirudicho kutoka mzingo wa dunia huingia angahewani kwa zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, kisha hewa nzito hukipunguza kasi. Kasi ikishuka chini ya ile ya sauti, hakizalishi tena mawimbi ya mshtuko. Hivyo, mshindo utokao juu na kishindo cha kugonga ardhi ni matukio mawili.

Istilahi zikivurugwa, mwanakijiji aliyeponea chupuchupu ataelezwa hili na kuelewa lile. Kiswahili kinayo maneno ya kutosha kumwelimisha. Wajibu ni kuyatumia kwa usahihi.