Kware: Dume Moja kwa Majike Wangapi?

Jamaa iliyokimbia vita mara nyingi haina shamba. Lakini hata katika uwanja mdogo wa mwenyeji, kizimba cha kware kinapata nafasi. Jike aliyelishwa vizuri huanza kutaga akiwa na wiki 6 hadi 8, na anaweza kutoa karibu yai moja kila siku. Shida huanza pale madume wanapozidi.

Madume wengi, hasara nyingi
Karibu nusu ya vifaranga wanaoanguliwa ni madume. Ukiwaacha wote pamoja wanapigana, na wanawapanda majike bila kuwapumzisha. Majike wananyonyoka manyoya kichwani, wanapata vidonda na mayai yanapungua.

Namna ya kuwatambua
Kwa kware wa kahawia, tazama kifua kuanzia wiki ya 3. Kifua cha dume ni chekundu-kahawia bila madoa. Cha jike kimefifia na kina madoa meusi. Kwa kware weupe, subiri wakomae: dume hulia kwa sauti, na ukimbonyeza polepole chini ya mkia hutoa povu jeupe.

Hesabu inayofaa
Weka dume 1 kwa majike 3 hadi 5. Ukitaka mayai ya kula tu, dume hahitajiki: jike hutaga bila yeye, ila mayai hayo hayaanguliwi. Ukitaka vifaranga, weka mayai chini ya kuku mwepesi anayeatamia, maana kware wa kufugwa ni nadra kuatamia. Huanguliwa baada ya siku 17 au 18.

Madume waliozidi waliwe au wauzwe. Aliye bora badilishaneni na jamaa nyingine, ili asipande dada zake.

Patana mapema
Jamaa zikifuga pamoja, zipatane kabla ndege hawajafika: nani atalisha, mayai yatagawanywaje, madume watauzwa lini na pesa ni za nani. Mwenyeji naye aulizwe, kwani madume hulia hata usiku. Viongozi, andikeni mapatano hayo mbele ya mashahidi, wanawake wakiwemo. Mradi ulioanzishwa kuondoa njaa usigeuke chanzo cha ugomvi kati ya waliokimbia na waliowapokea.